Mbio nne kwa siku nne: mwongozo kamili wa Dopey Challenge, Florida

Kila Januari kwenye viwanja vya Walt Disney World, karibu na mji wa Orlando, hufanyika mbio nne zinazofuatana: Alhamisi kilomita 5, Ijumaa kilomita 10, Jumamosi nusu marathoni, Jumapili marathoni kamili. Anayejiandikisha kwa zote nne yuko kwenye Dopey Challenge, iliyoanza mwaka 2014, na jumla ya safari yake ni maili 48.6, yaani kilomita 78.3. Anayechukua mbili za mwisho tu yuko kwenye Goofy Challenge, iliyoanza mwaka 2006, nayo ni kilomita 63.3. Anayemaliza zote nne anaondoka na medali sita: moja kwa kila mbio, ya Goofy, na ya Dopey.

Aliyezoea marathoni huziona mbio za Alhamisi na Ijumaa kama kionjo. Hapo ndipo wengi wanapojiharibia. Kilomita 78 kwa siku nne mtu aliyejiandaa anaziweza. Kinachomaliza watu ni kuamka saa nane usiku siku nne mfululizo, kusimama kwenye baridi saa mbili kabla ya kila mbio, na kushinda mchana kutwa wakizunguka kwenye bustani za burudani. Karibu kila ushauri ulio hapa chini una shabaha moja: kufika mstari wa Jumapili ukiwa bado na miguu.

Kabla hujalipa

Usajili hufunguliwa miezi mingi kabla, kwa kawaida mwanzoni mwa mwaka unaotangulia mbio, na nafasi za Dopey huisha haraka sana, mara nyingi siku hiyohiyo. Fungua mapema akaunti ya runDisney, kitengo cha Disney kinachoandaa mbio hizi, jaza taarifa zako zote, weka kadi ya benki inayokubali malipo ya nje, na siku yenyewe uwe kwenye foleni ya mtandaoni kabla ya muda. Nafasi zikiisha, mashirika ya hisani huwa na zake, kwa sharti la kuchangisha kiasi fulani cha fedha.

Ada ya Dopey ni mamia ya dola, hairudishwi, na nafasi haiuziki wala kuhamishwa kwa mtu mwingine. Kwa anayeishi Marekani au Kanada hilo ni jambo dogo. Kwa mwenye pasi ya Tanzania, Kenya au Uganda, ambaye anahitaji viza na huenda akasubiri usaili kwa miezi, ni jambo kubwa. Shughulikia viza kwanza, mbio baadaye, hata kama itabidi usogeze mwaka mmoja mbele. Nunua pia bima ya safari inayotamka wazi kwamba inagharimia matibabu ya mtu aliyeumia mbioni. Bima nyingine huziondoa mbio za marathoni kwa maandishi madogo, na bili ya hospitali Marekani si ya kuchezea.

Umri wa chini kwa marathoni, na hivyo kwa Goofy na Dopey, ni miaka 18.

Namba ya kifuani unaichukua mwenyewe, kwa kitambulisho chenye picha, kwenye maonyesho ya mbio katika viwanja vya ESPN Wide World of Sports. Kwa kuwa mbio za kwanza ni Alhamisi alfajiri, mkimbiaji wa Dopey lazima aichukue Jumatano. Anayetoka mbali asipange kutua Jumatano mchana. Ndege ikichelewa saa sita tu, mbio za kwanza zimempita, na challenge yote imekwisha kabla haijaanza. Tua Jumatatu, au Jumanne kwa kuchelewa kabisa.

Hesabu ya mwendo wa chini

Sharti ni kutozidi dakika 16 kwa maili, sawa na dakika 9 na sekunde 56 kwa kilomita. Kwa mwendo huo kilomita 5 zinachukua karibu dakika 50, kilomita 10 saa 1 na dakika 39, nusu marathoni saa 3 na dakika 29, na marathoni saa 7 kasoro dakika moja. Saa inahesabiwa kuanzia mtu wa mwisho anapovuka mstari wa kuanzia. Nyuma yake kuna kundi la watembeaji wenye maputo wanaoshika mwendo huohuo wa dakika 16. Wakikupita, si lazima utolewe palepale, lakini basi la kuzoa waliobaki nyuma halitakuwa mbali. Ukizolewa kwenye mbio moja, medali za challenge zimekwenda.

Watu huanza kwa makundi. Tangu kundi la kwanza liondoke hadi la mwisho, inaweza kupita karibu saa nzima. Ndiyo maana nafasi ya kundi ina thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani: aliye makundi ya mbele ana akiba ya muda mfukoni, aliye kundi la mwisho hana hata dakika moja. Kundi linapangwa kwa muda uliokimbia kwenye mbio nyingine rasmi, na uthibitisho unatakiwa miezi kadhaa kabla. Ukiwa na matokeo mazuri ya nusu marathoni, yawasilishe mapema. Usiache sehemu hiyo wazi kwa unyenyekevu.

Saa kubwa zilizosimamishwa kwenye alama za maili zinahesabu tangu kundi la kwanza lilipoondoka. Ukianza dakika 45 baadaye, zitakutia hofu ya bure. Fuata saa yako ya mkononi, na uiweke isome kwa maili siku hizo, kwa sababu alama za njiani ni za maili.

Jambo jingine la kuhesabu ni picha. Njia nzima kuna wahusika wa katuni waliosimama kupigwa picha na wakimbiaji, na kila mmoja ana foleni ya dakika tatu hadi tano. Vituo kumi ni zaidi ya nusu saa. Kama unataka picha, na ni haki yako kuzitaka maana kwa wengi ndizo zilizowaleta, zipige Alhamisi na Ijumaa. Jumapili chagua mbili au tatu tu.

Miezi sita ya mazoezi

Kabla ya kuanza mpango wenyewe, uwe tayari unakimbia kilomita 25 hadi 30 kwa wiki kwa miezi miwili, na uweze kilomita 12 bila kuumia. Kisha hesabu wiki 24 kurudi nyuma kutoka Januari: utaangukia mwishoni mwa Julai.

Mazoezi ya marathoni ya kawaida hulenga siku moja ndefu kwa wiki. Haya hulenga siku zinazofuatana, kwa sababu mwili unatakiwa ujifunze kukimbia ukiwa bado haujapona jana. Katikati ya wiki kimbia mara mbili tu, dakika 40 hadi 50, kwa mwendo wa kuongea sentensi nzima bila kuhema. Mwisho wa wiki ndio kazi. Wiki sita za kwanza: Jumamosi kilomita 6 hadi 8, Jumapili 10, ukipanda taratibu hadi 16. Baada ya hapo, kila baada ya wiki tatu hadi tano weka kifungu cha siku nne. Mwisho wa Septemba kiwe kilomita 4, 5, 10 na 20. Mwisho wa Oktoba 5, 6, 13 na 26. Mwisho wa Novemba 5, 8, 15 na 28. Katikati ya Desemba kifungu cha mwisho, na hicho ni mazoezi ya jukwaani kwa kila kitu: 5, 10, 18 na 30.

Kila baada ya kifungu, siku mbili za kupumzika kabisa, halafu wiki ya nusu umbali. Wanaoruka wiki hiyo ya nusu kwa kuona wana nguvu ndio wanaopata maumivu ya ugoko au ya unyayo mwezi Novemba. Misuli huzoea ndani ya wiki chache, mishipa ya kano na mifupa huchukua miezi. Kujisikia mwepesi hakuna maana kwamba mifupa nayo iko tayari.

Ukiwa na uwezo wa kukimbia kifungu kimoja tu kikamilifu, basi kiwe cha Desemba, na ukifanye alfajiri. Amka saa tisa usiku siku zote nne, kula chakula kilekile utakachokula Florida, vaa viatu vilevile. Hapo ndipo utakapogundua kwamba tumbo lako halitaki maziwa saa tisa usiku, na ni afadhali uligundue nyumbani.

Baada ya hapo, wiki tatu za kupunguza: asilimia 65 ya umbali wako, kisha 50, kisha vipande viwili vya dakika 20 kwenye wiki ya safari.

Wanaofanyia mazoezi Afrika Mashariki wana mambo mawili ya kurekebisha. La kwanza ni ardhi. Njia za Florida ni lami na zege mwanzo mwisho, nazo ni tambarare. Anayekimbia kwenye njia za udongo za Arusha au Eldoret ana miguu imara, ila haijazoea kupigwa mahali palepale kwa saa tano. Wiki nane za mwisho, angalau nusu ya kilomita zako ziwe kwenye lami, na siku ndefu ziwe mahali tambarare kadiri utakavyopata. Kimbia upande wa kulia wa barabara ili magari uyaone yakija, vaa kitu kinachong'aa usiku, na usiamini kwamba bodaboda imekuona. La pili ni unyevu. Orlando ya Januari hubadilika: alfajiri moja nyuzi 4, nyingine nyuzi 18 na unyevu wa kukata pumzi. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa hataona shida na joto, shida yake itakuwa baridi ya kusubiri. Wa Nairobi, aliyeko kwenye mita 1,700 na zaidi, atafurahia hewa nzito ya usawa wa bahari, lakini jua likichomoza kwenye maili ya 15 atashangaa.

Kwa walioko Marekani kuna njia nzuri ya kujipima: wikiendi ya Wine & Dine, mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, palepale Disney, ina Ijumaa ya kilomita 5, Jumamosi ya 10 na Jumapili ya nusu marathoni. Walioko Kenya wanaweza kuitumia nusu marathoni ya Nairobi ya Oktoba kama siku ndefu, mradi wasiikimbie kwa kushindana. Kilimanjaro Marathon ya Moshi haifai kwa kazi hii, kwanza kwa sababu iko baada ya Januari, na pia mbio zake zote hukimbiwa Jumapili moja.

Mwendo wa kila siku

Maumivu ya misuli baada ya kazi ngumu hayafiki kileleni siku hiyo, hufika kati ya saa 24 na 72 baadaye. Ukikimbia kwa nguvu Alhamisi, bili inakuja Jumamosi. Ukijitutumua Jumamosi, inakuja Jumapili kwenye maili ya 18. Kwa hiyo mbio tatu za mwanzo zote ziendeshwe kwa mwendo wa mazungumzo.

Chukua mtu ambaye nusu marathoni yake bora ni saa 2 kamili, sawa na dakika 5:41 kwa kilomita. Alhamisi akimbie dakika 7:00 kwa kilomita, amalize kwa dakika 35. Ijumaa vilevile, saa 1 na dakika 10. Jumamosi 6:45, amalize kwa saa 2 na dakika 22 hivi, akiona aibu kidogo jinsi ilivyokuwa rahisi. Jumapili aanze kwa 7:00 na asiguse mwendo mwingine mpaka maili ya 20. Akiishika mpaka mwisho ni saa 4 na dakika 55. Akiwa na nguvu baada ya maili ya 20, aongeze. Wachache huwa nazo, na wanaozipata ni wale waliojizuia Alhamisi.

Njia ya kukimbia na kutembea kwa zamu inafaa hapa kuliko mahali pengine popote. Ameieneza sana Jeff Galloway, Mmarekani aliyekimbia mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972 na ambaye mipango yake ya mazoezi imetumiwa na runDisney kwa miaka mingi. Unakimbia dakika 4, unatembea sekunde 45, tangu hatua za kwanza kabisa, si baada ya kuchoka. Aliye karibu na mwendo wa chini anaweza kukimbia dakika 1 na kutembea sekunde 30. Siri iko kwenye kuanza mapema: kutembea kwa kwanza kunakuja ukiwa bado huhitaji. Ukitembea, sogea pembeni, inua mkono juu ili wa nyuma waone, na usisimame ghafla.

Njia inapita kwenye barabara kuu na vipinda vya kupandia madaraja, ambavyo vimelazwa upande mmoja kwa ajili ya magari. Ukikimbia ukingoni mwa kipinda kwa muda mrefu, nyonga ya upande wa chini inabeba mzigo wa ziada na goti linaanza kulalamika. Tafuta sehemu iliyo sawa zaidi, hata kama inakuongezea mita chache.

Usingizi, na faida ya anayetoka Afrika Mashariki

Mbio zinaanza saa kumi na moja alfajiri. Mabasi ya hoteli za Disney huanza kuondoka kati ya saa nane na nusu na saa tisa usiku, na mwenye gari binafsi anatakiwa awe ameegesha kabla barabara hazijafungwa. Kwa hiyo unaamka saa nane. Soma ratiba kwa makini: wao huandika 5:00 a.m., nayo ni saa kumi na moja yetu.

Mtu wa Florida anapoambiwa aamke saa nane usiku mwili wake unakataa. Mwili wa aliyetua juzi kutoka Dar es Salaam au Nairobi unafurahi. Tofauti ya saa kati yetu na Orlando wakati wa Januari ni nane: saa nane usiku kule ni saa nne asubuhi huku, na mbio zinapoanza, mwili wako unajua ni saa saba mchana. Kosa ni kupigana na hali hiyo. Wengi hujilazimisha kukesha hadi saa nne usiku wa Orlando ili "wazoee", na wanatupa zawadi waliyopewa bure. Usizoee. Kula chakula cha jioni saa kumi na moja, zima taa saa kumi na mbili na nusu au saa moja, ukiamka saa saba usiku bila kengele usishangae. Unaporudi kutoka mbioni, lala mchana si zaidi ya dakika 90, na uwe umeamka kabla ya saa saba mchana.

Anayetoka pwani ya mashariki ya Marekani au Kanada hana zawadi hiyo. Yeye aanze kusogeza usingizi dakika 30 kila siku kwa wiki moja kabla ya safari, na azime simu jioni.

Weka kengele mbili, moja kwenye simu na nyingine ya hoteli. Chaja nazo zina jambo lake: soketi za Marekani ni za pini bapa na umeme wa volti 120, kwa hiyo bila adapta saa yako ya mbio itazima Ijumaa.

Miguu

Fanya kazi hii usiku, si alfajiri. Keti kwenye ukingo wa kitanda na taa ya kutosha. Osha miguu, ikaushe mpaka katikati ya vidole, halafu pitisha kidole gumba polepole kwenye kisigino, chini ya kidole kikubwa, na upande wa nje wa kidole kidogo. Unatafuta sehemu yenye joto au iliyolainika kuliko jirani zake; hapo ndipo lengelenge la kesho litakapozaliwa. Bandika plasta ya kunyumbulika juu yake, kona zake ukizikata ziwe mviringo ili soksi isizivute. Sehemu nyingine zipake mafuta ya mgando alfajiri kabla ya soksi. Mafuta na plasta havikai pamoja, kwa hiyo usipake mahali utakapobandika.

Lengelenge likishatokea na limejaa maji, litoboe pembeni kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti, kamua, liache ngozi yake ya juu ilale mahali pake, paka dawa ya kuua vijidudu, funika. Ukichuna ile ngozi, kesho unakimbia juu ya nyama.

Kucha zikatwe wiki moja kabla, si usiku wa kuamkia mbio. Beba jozi mbili za viatu ulivyokwisha kuvikimbilia kilomita 80 hadi 300, uvipokezane: moja Alhamisi na Jumamosi, nyingine Ijumaa na Jumapili. Povu la soli linapumzika, na mguu haupigwi mahali palepale siku nne. Kiatu kikilowa, toa kitambaa cha ndani, jaza magazeti yaliyokunjwakunjwa, ubadilishe baada ya saa mbili. Soksi jozi tano, ya tano kwa ajili ya mvua. Vyote hivi viende kwenye mkoba wa mkononi ndani ya ndege. Sanduku likipotea, nguo utanunua, viatu vilivyouzoea mguu wako hutavipata dukani.

Mchana, ukishalala, panda ukuta kwa miguu: lala chali, makalio karibu na ukuta, miguu juu kwa dakika 15. Kisha jizuie kwenda kuzurura. Hili ni gumu kuliko mbio zenyewe, hasa kwa aliyekuja na watoto ambao wamesafiri mabara mawili kuona Magic Kingdom. Bustani zile zinakula hatua elfu 15 hadi 20 kwa siku bila mtu kuona. Wapeleke kabla ya Alhamisi au baada ya Jumapili. Ijumaa na Jumamosi mchana mtu mwingine aende nao.

Chakula na maji

Hifadhi ya wanga kwenye misuli haijazwi kwa usiku mmoja, na hapa unaipunguza kila asubuhi. Lenga gramu 7 za wanga kwa kila kilo ya uzito wako, kila siku kuanzia Jumatano. Kwa mtu wa kilo 65 ni gramu 455. Gramu 100 za wali uliopikwa zina wanga gramu 28 hivi, ndizi mbivu ya wastani 27, kipande cha mkate 14. Sahani ya wali ya gramu 350 inakupa karibu 100. Hoteli nyingi hazina jiko, ila maduka yana wali wa pakiti unaopashwa kwenye maikrowevu, viazi vitamu na ndizi, na hivyo vinatosha.

Saa nane usiku kula vipande viwili vya mkate na siagi kidogo ya karanga, ndizi moja, chai ya rangi yenye sukari. Ni wanga gramu 60 na zaidi kidogo. Ndani ya dakika 45 baada ya kumaliza kila mbio, hata zile fupi, kula wanga tena kiasi cha gramu 60 na protini gramu 20 hadi 25: mayai matatu na mkate, au maziwa na uji. Wanaosubiri hadi mchana kwa sababu "zilikuwa kilomita tano tu" hujikuta wameishiwa Jumapili bila kujua deni lilianza lini.

Jumamosi na Jumapili tumia gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Jeli moja, yaani pakiti ndogo ya wanga laini wa kumeza ukiwa mbioni, huwa na 22 hadi 25, hivyo ni moja kila dakika 35 hadi 40, pamoja na maji, kamwe si pamoja na kinywaji cha sukari kwa wakati mmoja, maana tumbo litageuka. Tumia ile uliyoijaribu nyumbani.

Maji: kunywa kwa kiu, kati ya mililita 400 na 800 kwa saa kulingana na joto. Jipime uzito kabla na baada ya siku ndefu ya mazoezi. Ukiwa umeongezeka, unakunywa kupita kiasi, na chumvi ya damu ikishuka sana mtu huchanganyikiwa, hutapika, na anaweza kufa. Vidole vikivimba mpaka pete inabana, acha maji kwa muda.

Diklofenaki na ibuprofeni ziache nyumbani. Mtu anameza moja Ijumaa kwa ajili ya goti, mbili Jumamosi, mbili kabla ya marathoni, na figo zake zilizo kwenye upungufu wa maji ndizo zinazolipa. Parasetamo kwa dozi yake ya kawaida ni salama zaidi, baada ya mbio.

Saa mbili za kusubiri

Utafika eneo la kuanzia karibu saa tisa usiku, na utasubiri. Vaa suruali na sweta kuukuu juu ya nguo za mbio; nguo zinazovuliwa karibu na mstari hukusanywa na kupewa wenye uhitaji. Mfuko mkubwa wa plastiki wa taka, uliotobolewa matundu matatu, unazuia upepo na mvua kuliko jaketi. Mwingine wa kukalia. Kaa chini. Kila dakika unayosimama unaitoa kwenye akiba ya Jumapili.

Nenda chooni kabla ya kuingia kwenye kundi lako, maana ndani ya makundi huwa vichache au hakuna kabisa, na foleni yake anza nayo dakika 40 kabla. Simu iwe na chaji kamili, na namba yako ya kifuani ikaguliwe: pini nne, chipu haijakunjwa, nyuma yake umeandika mtu wa kupigiwa na dawa unazotumia. Soma maelekezo ya namba ipi inavaliwa siku ipi, na usiku uibane kwenye fulana ya kesho.

Kuna jambo lisilo mikononi mwako. Mwaka 2017 nusu marathoni ilifutwa kwa sababu ya radi. Florida ni nchi ya radi, na waandaaji wakisema rudini, rudi.

Wakati wa kuacha

Misuli inayouma pande zote mbili sawasawa ni uchovu, na unaweza kuendelea nayo. Maumivu ya sehemu moja unayoweza kuigusa kwa ncha ya kidole, hasa kwenye ugoko au mgongo wa unyayo, ambayo yanazidi kila hatua, ni mfupa. Simama hapohapo. Ukiendelea, ufa wa wiki sita unageuka mvunjiko wa miezi sita. Mkojo wa rangi ya kahawia kama chai nzito baada ya mbio unakupeleka hema la matibabu moja kwa moja, vivyo hivyo maumivu ya kifua na kizunguzungu kisichoisha ukikaa. Aliyetoka nchi yenye malaria akipata homa, amwambie daktari ametoka wapi, kwa sababu kule hawataifikiria kwanza.

Goti linalouma Ijumaa lina jaribio rahisi: shuka ngazi kumi. Ukiweza bila kushika ukuta, Jumamosi jaribu. Ukishindwa, Jumamosi kaa.

Baada ya mstari wa mwisho

Usikae chini. Tembea dakika 10, kunywa, vaa nguo kavu ulizoziacha kwenye mfuko wa mizigo, ndipo utafute basi. Ngazi zitakuwa adui hadi Jumatano; shuka kinyumenyume. Kama unaruka kurudi Afrika Mashariki, acha angalau siku mbili kabla ya ndege. Kukaa saa 14 au zaidi na miguu iliyovimba kunaongeza hatari ya damu kuganda kwenye shavu la mguu, kwa hiyo chagua kiti cha njiani, vaa soksi za kubana, na simama kila saa. Wiki mbili usikimbie kabisa: tembea, ogelea kama kuna maji. Wiki ya tatu dakika 20, mara tatu. Medali sita ndani ya mkoba wa mkononi zitapiga kengele uwanja wa ndege, kwa hiyo zitoe uziweke kwenye trei kabla hujaombwa.